Wanawake Watatu Wenye Namba Ile Ile

Siku yangu ya kwanza masjala niliingia na ufagio, maana asubuhi ile bado nilikuwa mfagizi. Zahanati yetu ya Gongo la Mboto ilikuwa imekimbiwa na karani, na Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa zahanati, akaniuliza kama najua kusoma. Nikamjibu najua kusoma, kuandika na kunyamaza. Shule niliishia darasa la tano, baba alitaka mkono shambani. Mfawidhi akacheka, akasema hilo la kunyamaza ndilo alilokuwa analitafuta.

Nyie vijana mnaokaa mbele ya kompyuta mnadhani masjala ni stoo ya mafaili. Si stoo. Daktari anaandika ugonjwa kwa maneno, sie tunayageuza maneno kuwa msimbo, yaani herufi na tarakimu ambazo mtu wa Temeke na mtu wa Mtwara watazisoma kitu kimoja. Magonjwa ya zinaa yana misimbo yake, na hapo kila karani mpya anakosea: anamwandika kuwa mgonjwa mtu ambaye ugonjwa haujaonekana kwake, ila amelala na mwenye nao.

"Somoe," Mfawidhi aliniambia, "aliyepita mvuani si lazima awe amelowa. Mwandike alipita mvuani, basi."

Msimbo wake ni zeti ishirini nukta mbili. Haumwiti mtu malaya, hausemi nani alianza. Unasema tu kwamba huyu alikutana na maambukizi, atazamwe, apewe dawa. Ukikosea hapo unaweza kuvunja nyumba ya mtu, au kumnyima tiba. Mie sikukosea, na nasema hivyo bila haya.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya huku Temeke, chini ya Sista Mkuu, mama wa Songea aliyekuwa akitembea kama anakwenda kukamata mwizi. Yeye ndiye aliyesimamia kadi za wenza. Mgonjwa akikutwa na ugonjwa anapewa kadi awapelekee aliolala nao, nao waje. Kadi haikuwa na jina, ilikuwa na namba ya faili la mgonjwa tu. Aliyekuja nayo alikaa kwenye benchi akaitwa kwa namba, ili jina lake lisipigiwe kelele. Utaratibu mzuri kabisa. Wazo lilikuwa la Sista, sauti ilikuwa yangu.

Jumatatu moja, nikiwa karibu kustaafu, nikaita dirishani: arobaini na tatu. Wakasimama wanawake watatu.

Mmoja alikuwa mama lishe, aproni yake bado kiunoni. Wa pili mwalimu, na miwani yake. Wa tatu binti mwenye mimba kubwa. Nitamwita Zaituni, na si jina lake. Walikuwa wamekaa pamoja tangu asubuhi wakigawana mihogo ya kukaanga na kulalamikia bei ya mafuta. Sasa wanatazamana.

"Kadi hii kanipa mchumba wangu," mama lishe akasema. "Fundi makochi."

"Mume wangu fundi makochi," Zaituni akasema.

Mwalimu akakaa taratibu, akavua miwani. "Ana pengo," alisema. "La juu, kushoto."

Benchi zima likageuka kuniangalia mie. Nikamwita Sista. Sista Mkuu akatoka mbio, akawaingiza chumbani mmoja mmoja.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kaswende. Kipimo cha Zaituni kikatoka safi, naye akabeba mkoba wake. Kama yuko safi, alisema, sindano apigwe fundi, yeye anakwenda kwenye karakana kuvunja kitu. Sista akamweleza kitaalamu, hakusikia. Mie sikuweza kumwacha aende, kwa sababu kaswende ikimpata mama inamfuata mtoto tumboni, na wako wanaozaliwa wamekufa. Nikatoka dirishani, nikasimama mlangoni kwa upana wangu wote.

"Mwanangu, sikukuandika mgonjwa," nikamwambia. "Nimekuandika ulipita mvuani. Kipimo kinachelewa kuona, kinaweza kusema safi leo na kesho kikabadili maneno. Wewe una hasira, una miguu, utakwenda popote. Huyo wa tumboni hana mwavuli."

Akanitazama. "Na mama mkwe akiisoma kadi yangu ya kliniki?"

"Atasoma zeti na tarakimu. Akitaka tafsiri, mwambie aje kwangu, nimnyamazie."

Mama lishe akacheka kwanza. Akamshika Zaituni mkono, akamwambia, "Mdogo wangu, yule hatoroki, ana makochi ya watu. Tuchomwe kwanza, halafu twende wote."

Wakachomwa wote watatu. Sasa, sindano ile ni nzito, inachomwa takoni, na ukitoka unachechemea. Wakatoka wanaburura miguu, wameshikana mabega, na mwalimu akasema kwa mwendo huu watafika fundi ameshazeeka. Kituo kizima kikacheka, na wao wakacheka zaidi. Vita ikaahirishwa. Alasiri ile ile Sista akaagiza kila kadi iwe na namba yake peke yake, na ya mgonjwa ibaki ndani kwetu.

Sasa nimestaafu, nakaa Chamazi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Makarani vijana wananipigia simu kompyuta ikiwagomea. Nawaambia kompyuta itakupa misimbo yote, ila haitakuambia mtu aliyesimama mbele yako anaogopa nini. Hilo mtazame usoni, kisha andika. Watu wa mtaani nao wananiuliza huyo fundi ni nani. Wachoke wenyewe. Yeye akiniona tu anaanza shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara.

Siku yangu ya mwisho kazini walikuwa wananipikia pilau uani, mara nikaitwa wodi ya wazazi. Zaituni alikuwa amejifungua alfajiri, na mama lishe amekaa pembeni anamnywesha uji. Mtoto wa kike, analia kama ana kesi na mtu. Daktari alimkagua tangu kichwa hadi nyayo, kisha akanitajia alichokiona, nami nikaandika kwa mkono wangu: mtoto mzima. Safu ya magonjwa nikaiacha tupu, nikafunika kalamu, nikaenda kula pilau kabla vijana hawajaimaliza.