Kipande cha Mpira wa Kabureta

Nakumbuka Ijumaa moja pale gereji ya Mzee Shabani, Majengo, Meru mjini, nikiwa na miaka ishirini na tatu na kichwa kikubwa kuliko boneti.

Mwanangu, siku hizo kuitoa injini kwenye kabureta na kuitia injeksheni, mfumo wa kuinyunyizia petroli kwa kompyuta, ilikuwa kazi ya mafundi wa Nairobi. Mimi niliiweza. Nasema bila haya, niliiweza! Mutuma, mfanyabiashara wa miraa wa Kangeta, alikuwa na gari la mashindano lenye kabureta mbili, na kila likipanda mlima wa Kiirua kwenye baridi linakohoa. Nikalifungia pampu mpya, sindano za petroli na kompyuta yake, waya zote nikaziunga kwa mkono wangu.

Mzee Shabani, mwalimu wangu, alinionya jambo moja tu: pampu ya injeksheni husukuma petroli kwa nguvu nyingi, kwa hiyo mipira yote ya zamani itoke. Nikaitikia. Lakini mpira mpya niliupima vibaya, nikaukata, ukapungua kiganja kizima. Mwingine ungefika Jumatatu, na Mutuma alitaka gari lake kesho yake. Ningesema tu, "Mzee, nimekosea." Wapi! Nikaunga kipande cha mpira wa zamani wa kabureta, nikakaza klipu, nikafunga boneti. Injini ilinguruma vizuri hata mafundi wakanipigia makofi.

Jumamosi Mutuma alimchukua mkewe Kananu, mjamzito wa miezi saba, waende Kiirua kwa wazazi wa Kananu. Mlimani kipande kile kikapasuka, petroli ikarukia bomba la moshi lililochemka, moto ukawaka. Waliruka nje, wakauzima kwa udongo. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu mpaka leo.

Gari lilipovutwa hadi gereji, mzee alifungua boneti akatazama.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Kukata vibaya si neno, hata mimi nimekata vibaya. Wewe ulinyamaza, kijana wangu. Twende Kangeta ukamwambie yule mama mjamzito mwenyewe."

Nilimwambia yote. Kananu alishika tumbo, akanitazama mpaka nikaangalia chini.

"Funga upya," akasema. "Na mkienda kulijaribu mlimani, wewe ndiye utakayekaa kiti changu."

Nilikaa. Tulipanda mara tatu, na gari halikukohoa hata kidogo. Tangu hapo sijamkabidhi mtu gari nililolifungia mfumo wa petroli kabla sijapanda nalo mlima mimi kwanza.

Basi mwanangu, kitu kipya usikiogope, jifunze chote, na ukikiweza jisifu, mimi sikukatazi. Ila mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo cha kosa la fundi humpata mwingine. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu wamesimama tayari kukupigia makofi. Mungu akubariki mikono, akupe na ulimi wa kusema "nimekosea" kabla mke wa mtu hajapanda gari.