Chai ya Kopo Jekundu

Ofisini kwetu tulimwita Mama Kopo, ila si akiwa anasikia. Alikuwa mpishi wetu wa chai, kibarua mwaka wa kumi na moja huo, na kila mwaka mkataba wake ulingoja sahihi ya bosi. Safari hii bosi alimwahidi ajira ya kudumu. Ukimwona anapita koridoni kwa madaha, ujue anaiwaza hiyo barua.

Taabu yake ilikuwa moja tu: majani ya chai. Aliyaweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, mbali na jua, mbali na jiko, mbali na sabuni. Alisema majani ya chai ni wambea, kila harufu inayopita wanaidaka. Ukichota kwa kijiko chenye maji, umekwisha. Kila Jumatatu aliyasugua kidogo viganjani. Yakilegea bila mlio, aliyanusa, na yakinuka ukungu, shimoni. Mimi mwenyewe, karani wa masijala, mtu na heshima zangu, nilishafukuzwa jikoni kwa kosa la kitunguu kimoja.

Bosi naye alikuwa na kopo lake jekundu juu ya kabati la jikoni, pale pale mvuke wa birika unapopiga, mfuniko umelegea. Tulikatazwa kuligusa.

Basi siku moja mkaguzi akaja bila taarifa. Alitaka habari za gari la ofisi, ambalo limekaa juu ya mawe tangu mwaka juzi na bado linakunywa mafuta kila wiki. Bosi hakuwepo. Habari zilipomfikia akapiga simu ya masijala, nikampa Mama Kopo, akaambiwa ampe mgeni chai ya kopo jekundu, yote, asibakize. Aliyewahi kufuatilia faili ofisini anaijua chai ya namna hiyo. Haihitaji sukari.

Mama Kopo akafungua. Ukungu umetanda juu ya majani, akarudisha kichwa nyuma. Hakutia mkono, pua imetosha, alisema. Akalibeba kopo zima mpaka kwenye shimo la takataka lililokuwa linawaka, akalitupa humo. Kisha akampikia mkaguzi chai ya kopo lake mwenyewe.

Mkaguzi akanywa. Akainua kisosi, akachungulia chini yake. Akaletewa kikombe cha pili, akachungulia tena. Cha tatu alikinywa amenuna, halafu akaomba daftari la mafuta.

Bosi akarudi anahema. "Chai yangu iko wapi?"

"Ilikuwa imeharibika, bosi. Nimeichoma."

Jamani, nimeona mtu mzima akitafuta kiti. Alipopata nguvu akanijia masijala nimchapie Mama Kopo barua ya kumwachisha kazi. Nikamuuliza, kwa adabu zote, sababu niandike nini. Barua ikabaki na tarehe tu.

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili. Gari halifai, daftari halifai, bosi hafai. Kilichosifiwa ni utunzaji wa majani ya chai. Bosi akaenda zake, na ile ahadi ya ajira ikaenda naye. Roho iliniuma. Nikamfuata Mama Kopo jikoni, nikamuuliza kama alijua kilichofichwa chini ya yale majani.

Alikuwa anakausha kijiko chake.

"Miaka yote hiyo umekaa na bosi ukuta kwa ukuta," alisema. "Wewe hukuisikia harufu?"