Siku Nilitangaza Code Yangu mu Mikro ya Kanisa

Barafiki, hii mambo nitabaelezea mimi mwenyewe, ju nimechoka kuisikia mu soko ikiwa imeongezewa chumvi (kuna benye banasema nilizimia, hapana, sikuzimia, nilikaa tu chini), na kama haya iko ya kunikula, basi inikule mbele yenu.

Mimi ni Masika, nauzisha vikwembe, vitenge ya bamama, hapa Butembo, na mu parokia yetu niko présidente ya bamama. Ile wakati vita ilikuwa imefukuza batu upande wa Oicha, bakimbizi balikuwa banafika na batoto ku mugongo, bengine banalala mu mashule, na sisi bamama tukasema tutabatafutia bâche ya kufunika juu na marmite ya kupikia mbele mvua haijakomaa. Batu bakaanza kutuma kitu, hata benye kutoka Alimbongo, mais njia ilikuwa mubaya, hakuna mutu mwenye alikubali kutembea na feza mu mukoba, donc yote ikapitia mu compte ya simu, na simu yenyewe ilikuwa yangu, ju balisema Masika njo anajua mambo ya simu. (Nilijua kupiga picha. Basi.)

Sasa mama mumoja wa kundi yetu bakamuibia. Mutu alimupigia, akajifanya agent, akamuomba code ya siri, naye akamupatia, compte ikabaki ukame. Padri akaniambia, «Mama présidente, siku ya Mungu, kisha misa, usimame uonye batu.»

Nikavaa kikwembe yangu ya sikukuu, nikaenda mbele, nikashika mikro, na nilisema muzuri, oh, nilisema hata Padri akawa anaitika na kichwa. «Code yenu ni kama brosse ya meno, hapana kuazimisha mutu!» Kanisa ikacheka. Nikajisikia mukubwa.

Pale pale simu ikalia mu mukoba. Ningeizima, mambo ingeishia pale, mais nikasema mu roho, pengine ni mutu wa Alimbongo anatuma kitu, nikaambia batu, «Pardon, ni ju ya bakimbizi,» nikatia mikro chini ya kwapa, nikageukia ukuta, nikapokea.

«Mama présidente Masika?» Sauti tamu, ya mutu amesoma. «Mungu akubariki. Hapa ni service ya usalama wa compte. Kuna mwizi anataka kuingia mu compte yako sasa hivi, niko namuona.»

Mwizi! Mimi mwenye nilikuwa natoka kusema bezi, na huyu ananiambia bezi, tena anajua jina yangu, damu ikaanza kukimbia. (Jina yangu na namba ya simu tulibandika sisi benyewe ku mulango ya kanisa, ju batu bajue pa kutuma, mais ile saa nani alikuwa na akili ya kukumbuka?)

«Nifanye nini, papa?»

«Tunamufungia mulango. Utapata message, kuna namba ndani, unisomee haraka.»

Message ikaingia, nikamusomea. Na chini ya ile namba ilikuwa imeandikwa wazi kama hapana kuipatia mutu yeyote, niliiona ile maneno na macho yangu, nikairuka vile unaruka matope.

«Sasa code yako ya siri, haraka, mama, mwizi ameisha kufika!»

Nikaitaja. Polepole, muzuri, namba moja kisha ingine, ju sikutaka akosee.

Mais mikro haikuzimwa. Kwapa yangu ilikuwa inatangaza mu mabaffle yote ya kanisa.

Wa kwanza kulalamika alikuwa bwana yangu, Kakule, mutu mwenye hata ku nyumba haongeake sana: «Masika! Hapana!» Kisha kanisa muzima, bazee, bamama, baimbaji ba korali, «Hapana! Kata! Kata!» Na mimi, mwerevu wa simu, nikaambia ule mutu, «Ungojee kidogo, papa, hapa batu banafanya fujo.»

Tena haikuishia pale. Code yangu ilikuwa mwaka yangu ya kuzaliwa. Na tangu tuingie mu ile parokia, nilikuwa nasema kama Mama Katungu njo mukubwa wangu, namuita yaya, dada mukubwa, namuachia kiti, namuuliza kama magoti inamuuma. Katungu akasimama, akahesabu ku vidole, akapiga kelele: «Masika! Kumbe ni mimi nilipashwa kukuita yaya!»

Njo nikafahamu kama mwizi ni ule wa ku simu. Nikakata simu, nikaanza kutafuta pa kubadilisha code mbele ule mutu hajaingia, korali muzima imenizunguka, huyu anasema bonyeza hapa, mwingine anasema hapana, rudia nyuma, na mimi code yangu, ile yenye kanisa muzima ilikuwa sasa inajua, nikaikosea. Nikarudia, nikaikosea tena. Ku mara ya tatu simu ikaandika: compte imefungwa.

Nikakaa chini mbele ya altare. Nikasema imekwisha, nimepoteza bâche ya batoto ya batu, batanyeshewa ju ya mudomo yangu, na nikalia, na kilio yangu ikatoka mu mabaffle. Padri akakuja, akainama, akatoa mikro chini ya kwapa yangu polepole, vile unatoa yai chini ya kuku.

«Mama, kesho mapema uende agence, ku biro ya compte,» akasema. «Na leo, kanisa itabaki na wewe.» Na kweli, hakuna mwenye alirudi nyumbani mbele yangu.

Kesho yake tukaenda agence, Kakule ku mukono moja, Katungu ku mukono ingine kama balinzi. Bibi wa guichet akaangalia carte yangu, akaangalia machine yake, akaniangalia mimi.

«Mama, kuna mutu alijaribu kuingia mu compte yako jana, na simu ingine. Mais alikuta imefungwa. Nani alikupa shauri ya kuifunga mbio vile?»

«Vidole yangu,» nikasema, «ilikuwa inatetemeka.»

Yote ilikuwa mule ndani. Hakuna kitu kilitoka. Katungu akapiga kigelegele mu agence, mulinzi wa mulango akatukaripia, tukaendelea. Na wakati nilikuwa natia code mupya, Katungu akageuka mwenyewe akaangalia ukuta, hakuna mwenye alimuomba.

Bâche tukanunua, marmite tukanunua, na mvua ya kwanza ilikuta batoto chini ya paa. Kundi ikabakisha compte kwangu (nilibaomba bachague mwingine, bakakataa, bakasema Masika ameisha kuungua, anajua moto), mais sasa hakuna kitu kinatoka bila bamama babili kuwa pamoja na mimi.

Kisha siku kidogo, Kahindo, mama mukimbizi mwenye alipoteza shamba yake ya kakao kule Oicha, na tangu afike hatukuona meno yake, akanikuta ku meza yangu ya vikwembe.

«Mama présidente, balinipigia. Service ya usalama.»

Nikaweka kikwembe chini. «Ukabaambia nini?»

«Nikamuuliza: unataka code na mikro, ao bila mikro? Akakata.» Na akacheka, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka naye mpaka baclients bakatushangaa, na kwa ile kicheko, ndugu zangu, ningekubali kanisa inisikie tena.

Mais code, hapana tena. Mwaka ya kuzaliwa nimeitoa mule ndani. Na leo mutu akinipigia akisema «haraka, mama,» nakata, hata kama sauti yake iko asali, kisha nafunga meza, navaa viatu, naenda agence na miguu yangu. Kama ni service ya kweli, itangojea mama avae viatu.