Mguu wa Reli

Mafundi wenzake walimwita Mama Msasa, maana hapakuwa na aliyewahi kumwona akichovya brashi kabla ya kukwangua mpaka viganja viwake moto. Kwenye jengo lile alianza na zege la ngazi za nje, akasugua ukungu na maganda ya rangi kuukuu kwa brashi ya waya hadi kope zikajaa vumbi. Ndipo akahamia kwenye vyuma. Kila chuma alikigonga kwa mpini wa kisu cha kukwangulia, akatega sikio. Kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hukohoa.

Reli ya roshani ya ghorofa ya tatu ilikohoa.

Aliijua sauti ile. Miaka tisa nyuma, yeye na mumewe walikuwa wakipaka nyumba nyingine, mvua ikiwanyemelea. Mumewe alisema, "Jaza saruji hapo chini, paka, twende zetu." Yeye akajaza pale chuma kilipozama kwenye zege, akalainisha kwa kidole gumba, ikatoka kazi safi. Mwaka uliofuata waliitwa kurudia rangi, mumewe akaegemea palepale kuvuta pumzi. Watu walisema aliangushwa na kizunguzungu. Mama Msasa hakuwasahihisha, hata mama mkwe aliyelia begani kwake.

Sasa alikwangua miguu ya reli hii mpaka kisu kikapenya upande wa pili. Msimamizi wa jengo akapanda, mikono kiunoni.

"Mama, nimekuita upake rangi. Wewe unachimba kisima."

"Hapa hapana chuma tena, mwanangu. Ni rangi tu imesimama yenyewe. Ikatwe, ichomelewe mpya."

"Jaza saruji. Wapangaji wapya wa ghorofa ya chini wanahamia Ijumaa."

"Sijazi."

"Basi atajaza mwenzako."

Alijua ni kweli. Msimamizi aliposhuka, Mama Msasa alichukua nyundo, akaigonga miguu yote minne mpaka ikakatika. Haikumchukua dakika tano. Akailaza reli sakafuni, akafunga kamba mara tatu mahali pake, akamwita mpangaji wa roshani ile, mwanamke mcheshi aliyekuwa akimletea maji ya kunywa.

"Dada, usisogee hapa mpaka walete chuma kipya."

"Nisogee niende wapi? Mie kuruka sijui," akacheka.

Mama Msasa alifukuzwa kabla hajanawa mikono.

Juma lililofuata alipita njia ile makusudi. Jengo lilimetameta. Kwenye ghorofa ya tatu reli ilikuwa imerudi, ileile, aliitambua kwa kibonyeo alichokiacha kwa nyundo. Miguuni ilikuwa na uvimbe laini, umepakwa kijani kama vyuma vingine. Blanketi mbili zilining'inia juu yake.

"Dada! Toa blanketi, usiegemee hapo!"

Mwanamke alichungulia, akamtambua, akatabasamu.

"Mama Msasa! Kumbe hujafa na vumbi? Wametengeneza, mbona."

"Hawajatengeneza. Nisikilize mimi, niliwahi kujaza hivyo hivyo. Nilijaza mwenyewe, mume wangu akaanguka."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema, tena kwa kupaza sauti, barabarani. Pikipiki ilipita ikinguruma.

"Umesemaje?"

Mama Msasa akaanza kukimbilia ngazi. Huku nyuma sauti ilimfuata, ya upole, ya mtu anayemtuliza mama mtu mzima.

"Usijisumbue kupanda, mama. Imekaza hii. Tazama," mwanamke alisema, akaweka viganja vyote viwili juu ya reli.