Mitego Niliyoitundika kwa Mama Atieno

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ile ya themanini, mwanangu, ambayo nikiiwaza mpaka leo natazama chini.

Nilikuwa na michungwa juu ya soko la Mamboleo, na mpakani mwa shamba langu aliishi Mama Atieno, mjane, mwenye michungwa kama yangu. Funza walitoboa matunda yetu yakaanguka mabichi. Bwana shamba akaniletea mitego minne ya kujaribu: vibanda vya karatasi ngumu vyenye gundi, na ndani kipande cha mpira chenye harufu ya nondo jike, mzazi wa funza hao. Dume akiifuata harufu, ananasa. Akaniambia niitundike katikati ya shamba langu, na nikiona nondo wamezidi mtegoni, niokote kila siku machungwa yaliyoanguka niyafukie, maana funza wamo humo.

Mimi kijana mjuaji nikasikia neno moja tu, kwamba mitego inaita nondo. Basi iwaitie kwa jirani! Nikavuka ua nikaitundika yote minne kwenye michungwa yake. Ndiyo, ya mjane mwenye watoto watano. Husuda ilinipofusha.

Mama Atieno alipoiona alimwuliza bwana shamba, akaambiwa ni yangu, akafuata maagizo, akaokota na kufukia kila siku. Msimu ule wachuuzi walibeba machungwa yake kwa magunia. Yangu walipasua moja, wakamwona funza, wakaenda zao. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hasara ningeivumilia. Lakini Jumapili hiyo ninayokwambia, alisimama kanisani na kikapu cha machungwa.

"Huyu jirani yangu, Mungu amubariki," alisema. "Alinipea mitego yake yote, yeye mwenyewe akabaki bila."

Watu wakapiga makofi. Nami nikakipokea kikapu kwa mikono miwili, na tabasamu juu.

Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho ikazaa kesho, hata tukamzika. Kaburini wanawe waliniomba niseme neno, kwa kuwa mama yao alinisifu hadi mwisho. Nikasema, na ukweli nikaumeza tena. Naona haya, mwanangu.

Wivu wa ujana ungesamehewa. Mama yule angenicheka tu. Kilichonilemea ni shukrani nisiyoistahili. Ukipewa sifa isiyo yako, irudishe palepale, hata kama sauti inatetemeka, maadamu aliyekupa yuko hai akusikie. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka nami.

Mungu akujalie majirani wema kama wangu, na ulimi mwepesi wa kukiri kuliko huu wangu.