Mgogo wa Bani la Tatu

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Mimi sinywi pombe. Sitafuni mirungi. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na tatu, nimewafumba macho maiti wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinuka akanisemesha. Haya yalinitokea saa saba mchana, jua la mwezi wa kumi la Tabora likiwa utosini, miwani yangu machoni na kalamu mkononi. Ingekuwa usiku ningejidanganya kwamba niliota. Mchana kweupe namna ile nitajidanganyaje?

Baada ya kustaafu niliingizwa kwenye kamati ya raia wanaotembelea magereza. Sisi si askari. Tunaingia, tunatazama watu wanalala wapi, wanakula nini, wagonjwa wanatibiwa au wanaachwa, kisha tunaandika. Mwenzangu wa safari ni Mzee Sudi, fundi seremala wa mjini, mtu wa swala tano na maneno machache. Mimi maneno ninayo, yangu na yake.

Gereza lenyewe silitaji. Jua tu kwamba ni la shamba, magharibi ya mji, kwenye njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani kwenda Ujiji, na kwamba nyuma ya mabweni kuna mabani manne, yale majengo marefu ya udongo ya kukaushia tumbaku. Nilishafika pale mara moja, miaka miwili nyuma, msimu kama huo huo. Mkuu wa gereza alinyoosha kidole akaniambia, "Yale ni mabani, mama. Wakati huu hayana kitu." Jua lilikuwa kali, wali na kuku vilikuwa vinatungoja mezani, nami nikaandika hapo hapo: mabani manne, matupu, nikatia saini. Sikuyasogelea. Nakuambia mapema ili usije ukanidhania shujaa.

Basi safari hii ya pili tukafanya kazi kama kawaida. Mfungwa wa kuhojiwa unamchagua mwenyewe, huletewi. Unakaa naye mahali ambapo askari anawaona lakini hawasikii. Mimi nilipewa benchi kwenye baraza ya stoo ya majembe. Nikahoji wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, na wote wakasema yale yale, kwa maneno yale yale: tuko salama mama, chakula kizuri, hatuna shida. Nilijua wamefundishwa, lakini mtu asiposema utamlazimisha?

Wa saba sikumwita. Alikuja mwenyewe akakaa kwenye ncha ya benchi, kule jua lilikokuwa linachoma, wakati kivuli kilikuwepo. Mtu mzima, mwembamba, meno mawili ya mbele hana, masikio yametobolewa tundu kubwa kama wazee wa Kigogo.

"Mnyamwezi," akaniambia, bila shikamoo wala hodi, "babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wewe kalamu tu imekutoa jasho?"

Nikacheka. Ningefanyaje? Wagogo na sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani, wakigombania maji ya visima vyao. Mtani akikutukana huruhusiwi kununa, na akikuomba kitu humnyimi.

"Na nyie Wagogo," nikamjibu, "hata jela mmeshindwa kuacha kuombaomba? Haya, sema, unataka nini?"

"Maji."

Nikamnyooshea chupa yangu. Hakuipokea.

"Si yangu. Peleka bani la tatu. Kuna kijana amefungiwa humo, leo siku ya tatu. Alisema mkija atawaonyesha maharage yenye wadudu, wakamficha."

Nilitaka kuinuka. Lakini nikakumbuka utaratibu wetu: ukipewa malalamiko huinuki papo hapo kwenda kuyafuatilia, maana watajua nani kasema, na nyinyi mkishaondoka atalipia yeye. Nikamnong'oneza kwamba nitaandika, na kwamba jina lake halitaonekana popote.

Akacheka kwa sauti mpaka nikageuka kumtazama askari kwa hofu. Askari alikuwa anachokonoa meno, wala hakuinua kichwa.

"Andika, Mnyamwezi. Andika vizuri, upige na muhuri. Mpaka karatasi yako ifike huko inakokwenda, kijana atakuwa ameshazikwa. Mtani wako nakwambia inuka."

"Nikiinuka sasa hivi watakupiga."

"Mimi hawanipati tena," akasema, kwa upole, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba.

Hapo ndipo jicho la uuguzi lilipoona. Mtu amekaa juani muda wote ule, na usoni hana hata tone la jasho. Kifua hakipandi wala hakishuki. Kifuniko cha chupa kikaniponyoka, nikainama kukiokota, na nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu. Baraza nzima ilikuwa tupu. Niamini, mwili wote ulinisisimka, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Nilimpitia Mzee Sudi nikamwambia twende. Hakuuliza. Tulikatisha bustani ya mchicha, askari wanatufuata wakiita mama, mama, na Mkuu wa gereza akatoka ofisini akifunga vifungo vya shati.

"Mama, huko hakuna kitu. Nilishakwambia zamani."

"Nimesikia. Fungua."

"Nani amekwambia kuna mtu?"

"Sisi hatutaji. Fungua bani la tatu."

Akasema ufunguo umepelekwa mjini. Mzee Sudi akausogelea ule mlango, akapapasa bawaba zake taratibu, jinsi anavyopapasa mbao za wateja.

"Bwana Mkuu," akasema, "hizi skrubu hazikukazwa. Mimi na sarafu ya mia mbili tu nautoa mlango mzima. Niutoe?"

Ufunguo ulipatikana mfukoni mwa sajini. Ulikuwa umerudi kutoka mjini haraka sana, sivyo?

Joto lililotoka mle ndani lilitupiga usoni. Kijana alikuwa amelala chini ya vyuma vya kuning'inizia tumbaku, midomo imepasuka, macho yamezama. Jina lake Nestori, wa Ulyankulu. Mpigo wa mkono wake ulikuwa mbio na mwembamba, ule tunaoujua sisi wauguzi kwamba baada yake hakuna mwingine. Nikaketi mavumbini nikamlaza mapajani, nikamdondoshea maji kidogo kidogo, kifuniko kwa kifuniko, huku nikimtukana Mkuu kwa Kinyamwezi ili nisilie. Baada ya muda mrefu koo likameza. Sijui kama umewahi kufurahia kuona koo la mtu likimeza. Mimi nilipiga kelele.

"Mzee yuko wapi?" Nestori akauliza.

"Mzee gani, mwanangu?"

"Yule Mgogo. Kila nikitaka kulala ananisimanga. Ananiambia, mvivu wewe, usilale, Mnyamwezi anakuja na maji. Siku tatu hakuniacha nilale."

Tukampakia kwenye gari letu. Lakini kabla ya kuondoka nilikuwa na jambo moja: yule Mgogo. Nilitaka ahamishwe gereza siku hiyo hiyo, kabla hawajamlipizia kisasi. Maana akili yangu, pamoja na yote niliyoyaona, bado ilikuwa inakataa. Nikamwita nyapara, yule mfungwa mzee anayewasimamia wenzake, nikamweleza: meno mawili hana, masikio tundu kubwa, mcheshi.

Nyapara alikaa chini.

"Shikamoo mama," akasema, na tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Nini?"

"Huyo ni Ndahani. Alikufa mle mle, bani la tatu. Siku ile mlipokuja mara ya kwanza. Naye alisema ataongea nanyi, wakamficha. Jioni wanafungua, amekwisha. Kwenye daftari waliandika homa."

Nikamuuliza amejuaje Ndahani kwamba mimi ni Mnyamwezi.

"Alikusikia, mama. Ulikuwa unacheka na Mkuu pale nje, na lafudhi yako ya kwenu. Sisi tulikuwa tunalima karibu. Alikuwa anagonga ukuta na kuita, mtani, mtani. Ukuta ni mnene, na wewe ulikuwa umeshageuka."

Niseme nini? Nililia mbele ya askari na wafungwa, mwanamke mzima wa miaka sitini na tatu, sikuona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimewasaidia kuyaficha kwa mwandiko wangu mzuri.

Nestori alipona. Amemaliza kifungo, yuko kwao analima, na kila mavuno mama yake hunitumia gunia la mahindi. Mkuu na sajini kesi yao inaendelea. Mimi nilipanda treni mpaka Dodoma, nikaenda kijijini kwa mjane wa Ndahani, nikamweleza kila kitu, na ile karatasi niliyoandika "matupu" nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda, akanirudishia, akaingia ndani. Sikumngoja atoke.

Nilidhani yangeishia hapo. Hayakwisha. Mwezi uliopita tulikuwa gereza jingine, mbali na lile, upande wa wanawake. Niliita watu watano waje kwenye benchi. Wakaja sita. Wa sita alikuwa msichana mwenye kitambaa cheupe kichwani, amekaa juani, hatoi jasho, na Mzee Sudi aliponiuliza naongea na nani sikumjibu, nilikuwa nimeshasimama nadai funguo. Inaonekana wameambiana kwamba yuko bibi mmoja wa Tabora anayewaona.

Kwa hiyo nawe, siku ukipelekwa mahali ukanyooshewa kidole na kuambiwa mle hamna kitu, kanyaga jua uende ukafungue, kisha ndipo utie saini. Mimi nilitia saini kwanza. Na wanaokuja kuniuliza habari ya saini ile hawapiti getini, wala hawatoi jasho.