Gemu za Rafu ya Chini

Duka la Mama Diski lilikuwa ghorofa ya kwanza, mwisho wa korido, limebanwa kati ya fundi cherehani na chumba cha kupigia picha za pasipoti. Ukisimama katikati yake ukanyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Aliuza gemu na kuziazimisha, na hakuwa mtu wa kuchekacheka na wateja. Kilichompandisha hasira kuliko vyote ni swali moja aliloulizwa kutwa nzima.

"Mama, ipi inatamba sasa hivi?"

"Inayotamba si inakufuata yenyewe mpaka kitandani?" alikuwa akijibu. "Kwangu umefuata nini?"

Rafu za juu zilijaa gemu za mpira, magari na bunduki. Ya chini kabisa, ambayo ilibidi upige magoti ndipo uione vizuri, ilikuwa ya gemu zisizouliziwa na mtu: kazi za watu wawili watatu waliojifungia chumbani miaka minne, wakatoa kitu kizuri, dunia ikapita bila hata kugeuza shingo. Mama Diski alizicheza zote mwenyewe, adhuhuri duka likiwa tupu, miguu juu ya kreti. Majina ya kigeni ya gemu hizo yalimkera, akazibatiza upya. Moja aliiita Mshika Ishara: wewe ndiye unayeongoza treni kwenye kituo kidogo milimani, na kila treni imebeba mtu mwenye shida yake. Nyingine aliiita Tarishi. Na ile aliyoipenda kuliko zote aliiita Mpiga Mbizi. Humo kuna mji uliofunikwa na maji ya bwawa. Unazama na mtungi mmoja wa hewa, unaopoa vitu vya watu, kisha unawatafuta wenyewe walio hai uwarudishie.

"Hii," alikuwa akisema, huku akiligonga boksi kwa ukucha, "itakuliza, wewe na ndevu zako."

Mteja huangua kicheko, akachukua mpira.

Sasa basi, mume wa mdogo wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kifua na sauti. Siku moja alipanda juu ya tela kufunga turubai, mguu ukateleza, akaja chini mzimamzima. Nyonga ikavunjika. Daktari akamwambia miezi sita, mingi yake kitandani. Kitanda kikahamishiwa sebuleni, kikawekwa mbele ya runinga, na yule mdogo wake Mama Diski akaacha kazi yake ya kupokea simu hospitalini ili amuuguze. Huyu mdogo mtu nyumbani kwao walimwita Kasauti, kwa kuwa tangu utotoni akiongea ilibidi uinamishe kichwa ndipo umsikie.

Mama Diski alipokwenda kumjulia hali mgonjwa aliwapelekea mashine ya gemu kutoka dukani, pamoja na ule mpira na gemu moja ya bunduki. Wiki tatu hazijaisha, dereva akampigia simu.

"Shemeji, hizi nimezimaliza. Nimechoka. Nimechoka mpaka dari nimeihesabu mbao zake. Huna kitu kingine huko?"

Ungemwona Mama Diski siku hiyo! Alifunga duka mchana kweupe. Alipiga magoti mbele ya rafu ya chini, akachagua kama mtu anayemchagulia bibi harusi viatu. Hatimaye alikuwa amepata mtu aliyechoshwa kweli, mwenye muda wa kutosha, na asiyeweza kuinuka akatoka.

Alianza na Mshika Ishara. "Wewe maisha yako yote ni barabarani, shemeji. Hii utaielewa kuliko wengine."

Alirudi baada ya siku nne.

"Treni," dereva alisema, kana kwamba ametaja ugonjwa. "Mimi nimenyimwa barabara, wewe unaniletea reli."

"Umecheza mpaka wapi?"

"Mpaka nilipochoka."

Akampelekea Tarishi. Dereva akasema ile ya kutembea na barua ni ya watoto wa shule. Akampelekea Mpiga Mbizi, akakaa pembeni ya kitanda na kumweleza habari zake kwa dakika ishirini: namna maji yanavyobadilika rangi, yule mzee anayerudishiwa saa ya ukutani akaanza kutetemeka. Dereva alimsikiliza huku macho yake yakiwa kwenye simu.

"Hakuna hata adui?" aliuliza.

"Hewa inaisha. Huyo ndiye adui."

"Basi mimi na hiyo hatupatani. Hewa inaniisha humu humu ndani."

Kasauti alikuwa akiingia na kutoka na sinia, beseni, taulo. Dada yake alimwambia "ahsante mdogo wangu" alipopewa chai, na hakumwambia lingine. Hasira yake yote alikuwa ameielekeza kitandani. Aliiacha ile diski ndani ya mashine kwa makusudi, akashuka ngazi akibamiza viatu kama anayetaka kuzibomoa.

Kwa wiki tatu hakwenda. Fundi cherehani wa jirani alimwuliza amekasirishwa na nani.

"Na shemeji yangu," alisema. "Mtu amelala chali anaomba maji. Unampa, anayatema, anaomba tena. Na siyo kwamba hayataki! Hataki kuonekana amepewa na mimi."

"Lakini yule ni mgonjwa, Mama Diski."

"Kilichovunjika ni nyonga. Ulimi uko mzima kabisa."

Wiki ya nne alikwenda kuzichukua diski zake. Alipanda ngazi huku amekwishapanga maneno yote. Saa kumi na nusu alasiri, dereva alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, amekunja uso. Mama Diski hakukaa. Alishika padi ya kuchezea, akaiamsha mashine iliyoachwa imelala bila kuzimwa, akafungua pale mashine inapohifadhi michezo, kwa maana huko kila gemu huonyesha muda iliochezwa.

"Tutazame," alisema. "Tuone kuchoka kwako kulichukua muda gani. Mshika Ishara, dakika nne! Dakika nne, shemeji! Hata treni ya kwanza haijafika kituoni. Tarishi, dakika tisa. Hapa angalau ulifungua mlango. Mpiga Mbizi..."

Akasogea karibu na runinga. Saa thelathini na moja na dakika kumi na mbili, na kando yake picha ya mahali mchezo ulipofikia: mnara wa shule chini ya maji.

Hasira ilimtoka mara moja kama hewa kwenye tairi. Alimgeukia dereva, uso umemchanua, karibu amkumbatie na nyonga yake mbovu.

"Shemeji! Kumbe! Unanitukania gemu zangu mbele ya watu, halafu saa thelathini na moja! Umefika mpaka shuleni! Mpaka kwenye mnara wa shule! Mimi mwenyewe ilinichukua mwezi!"

"Mnara gani?" dereva akasema. "Ile ya maji? Ile sijaifungua hata siku moja."

Wote wawili waligeuka. Kasauti alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo zilizokaushwa. Hakukimbia. Aliliweka beseni chini taratibu.

"Ni mimi," alisema.

Ikawa kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana dereva alimeza vidonge vya maumivu, akalala fofofo mpaka saa tisa au kumi. Kasauti alipunguza sauti mpaka mwisho, akaketi sakafuni, mgongo kwenye ubavu wa kitanda, akazama. Saa moja na nusu kila siku. Mumewe akikoroma juu ya kichwa chake.

Dereva alipasuka. "Ndiyo maana! Ndiyo maana nikiamka nakuta chai imepoa! Mimi hapa nakufa kwa maumivu, mke wangu anacheza! Watu wakisikia watasemaje? Mtu mzima na akili zako!"

"Mimi ni mtu mzima, na ni kazi yangu!" Mama Diski aliruka. "Na wewe ulipokuwa ukicheza mpira wiki tatu ulikuwa mtoto mchanga? Chai imepoa! Kwani hiyo chai ulikuwa ukiinywa usingizini?"

"Shemeji, hii ni nyumba yangu."

"Na mashine ni yangu! Naichukua sasa hivi, ubaki na mbao zako za dari!" Na kweli akainama nyuma ya runinga, akachomoa waya wa picha, akaushika na wa umeme.

"Usiiguse."

Sauti ile hawakuitambua. Ilibidi wote wawili wamtazame usoni kuhakikisha imetoka kwake. Kasauti aliwatazama kwa macho makavu.

"Usiuguse huo waya, dada. Niko katikati ya mnara. Sijahifadhi tangu jana." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe usiniulize chai. Nimekugeuza ubavu kila baada ya saa tatu, miezi miwili sasa. Nimekuosha. Nimetukanwa kwa sababu mto ni mgumu, nikatukanwa kwa sababu mto ni laini. Saa moja na nusu nikizama kwenye maji huko, hakuna anayeniita. Hiyo tu."

Dereva alifungua mdomo.

"Sijamaliza. Dada, na wewe." Mama Diski alijinyoosha, waya mkononi. "Umekuja hapa mara ngapi? Umemletea huyu hii, umemletea ile, umemweleza hadithi dakika ishirini mtu anayetazama simu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia. Nilisikiliza yote. Mpaka habari ya mzee na saa yake. Hukuniuliza hata siku moja: mdogo wangu, na wewe je, umechoshwa na nini?"

Kasauti alichukua beseni lake, akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu waishi katika nyumba ile, mlango wa chumba ukabamizwa.

Mama Diski aliurudisha waya wa picha mahali pake. Akaondoka bila kuaga.

Njiani alikuwa bado ana hasira, ila sasa hakujua pa kuipeleka. Alijaribu kuirudisha kwa dereva, ikakataa. Alimkumbuka mdogo wake akiwa na miaka saba, akiwa amesimama nyuma ya kiti wakati wakubwa wakicheza karata, akiangalia tu. Na yeye, dada mkubwa, akimwambia asogee asimzibie mwanga. Miaka kumi na miwili ameuza gemu. Amewasuta wateja kwa kutoijua rafu ya chini, amejiona yeye peke yake ndiye mwenye macho ya kuona kilichofichika. Alisimama katikati ya kivuko, magari yakampigia honi, akayatukana yote.

Siku mbili baadaye alimpigia simu mdogo wake. Hakuwa mtu wa kuomba radhi na hakujua inavyoanzwa.

"Umetoka kwenye mnara?" aliuliza.

"Bado. Hewa inaniishia kwenye ngazi ya tatu."

"Kuna dirisha." Akajing'ata ulimi. "Sikwambii liko wapi. Lakini lipo."

Kasauti akasema, "Bado nimekukasirikia."

"Najua. Kasirika. Unayo haki."

"Sawa. Dirisha la juu au la chini?"

Jumamosi iliyofuata Kasauti alikuja dukani mwenyewe, mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe. Alikuwa amemwomba dada wa mumewe akae na mgonjwa kuanzia asubuhi mpaka saa nane, na yule wifi alipolalamika, aliambiwa kwamba nyonga ile ni ya kaka yake pia. Kasauti alipiga magoti mbele ya rafu ya chini. Mama Diski alikuwa na maneno mia mdomoni, akayameza. Akauliza tu, "Unataka nini, mdogo wangu?"

Kasauti alifikiri kwa muda mrefu. "Kitu chenye watu wanaogombana," alisema. "Wagombane kwa sauti."

Dada yake alilazimika kufikiri na yeye. Hakuwa amewahi kuombwa hivyo na mteja yeyote. Alimpa moja kuhusu wapangaji sita wa jengo moja na bomba moja la maji, iliyokuwa imekaa pale miaka mitano bila kuguswa.

Dereva hakugeuka kuwa mtu mwingine, usidhani. Mpaka leo hajamwomba radhi shemeji yake, na shemeji yake anamhesabia. Alianza kutembea kwa magongo mwezi wa tano tangu aanguke, na kampuni ikamweka kwenye kibanda cha getini kuandika malori yanayoingia na kutoka, kazi anayoichukia na anayoifanya vizuri. Mshika Ishara bado ni dakika nne. Lakini wiki za mwisho za kulala kwake Kasauti aliacha kumsubiri asinzie. Aliwasha mashine mchana kweupe, sauti juu, akaketi pale sakafuni. Dereva alinuna siku tatu. Siku ya nne akashindwa.

"Kushoto! Nimesema kushoto! Yule mpangaji wa chini anakudanganya, humwoni macho?"

"Nani anacheza?"

"Wewe."

"Basi nyamaza."

Mama Diski aliwasikia kutoka ngazini, alipokuwa akipanda na boksi jipya mkobani. Alisubiri kidogo apumzishe magoti, akakunja uso wake vizuri kwa ajili ya shemeji yake, akagonga.